Kodi: Kutoka kuhesabiwa nyumba hadi kujaza fomu

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata maneno haya gazetini baada ya kusomwa redioni, mwezi Machi umekwisha kuingia. Kwa mkulima wa Mgori, kama ilivyo kwa mkulima wa Singida yote, huu ni mwezi wa kutazama mbingu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na zikikatika sasa hakuna nyingine za kungojea. Alizeti bado iko shambani, mtama na uwele havijafikia kuvunwa. Lakini kwa mwenye duka, mwenye mashine ya kukamua mafuta, mnunuzi wa asali na mwenye gari la abiria liendalo Singida mjini, mwezi huu una shughuli nyingine. Kabla ya tarehe 31 anatakiwa awe amepeleka makadirio ya mapato yake ya mwaka huu kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA.

Hapo ndipo penye kazi. Neno kodi likitajwa kijijini, watu hupunguza sauti. Mtu mzima mwenye duka lenye leseni, asiyedaiwa na yeyote, akisikia kwamba maofisa wa kodi wanapita huteremsha mlango. Ukimuuliza anakimbia nini, hana jibu. Je, ni mwizi? La hasha. Wengi wa hawa ni watu waaminifu, ambao huwezi kuwadai senti wakakunyima. Basi woga huu umetoka wapi?

Mimi naamini umetoka katika historia, na kwamba historia hiyo ina swali moja linalopita katikati yake tangu mwanzo hadi leo. Swali lenyewe ni hili: namba ya kodi iliandikwa na nani? Kiasi kilichodaiwa kilipanda na kushuka, rupia ikawa shilingi, bomani pakawa halmashauri. Lakini kilichomuuma mlipaji zaidi, kwa maoni yangu, ni kule kuandikiwa na mtu mwingine namba asiyoweza kuibishia.

Tuanze na Wajerumani. Tarehe 1 Novemba 1897, gavana akiwa Eduard von Liebert, serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kodi ya nyumba, na utozaji ukaanza Aprili 1898. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, nyumba za mijini zikatozwa zaidi. Wakoloni wenyewe hawakuficha shabaha yao. Fedha walizitaka, naam, lakini walitaka pia kumtoa Mwafrika katika shamba lake akatafute kazi ya mshahara kwa mzungu, maana rupia haikuota mtamani.

Fikiria sasa amri hiyo inapofika Unyaturu. Mali ya Mnyaturu ilikuwa ng'ombe. Rupia ya Mjerumani hakuihitaji kwa mahari wala kwa jembe. Wala hakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala Wanyaturu wote, ambaye angeitwa bomani aambiwe, naye akawaambie watu wake. Ngome ya Wajerumani ilikuwa Kilimatinde, ambayo leo iko katika wilaya ya Manyoni, na kutoka huko ndiko zilikotoka amri na askari. Serikali ikaweka majumbe wake, na jumbe akapewa kazi ya kukusanya.

Jumbe au karani huyo hakumwuliza mtu anapata nini. Aliuliza una nyumba ngapi. Mwenye ng'ombe 100 na mwenye mbuzi wawili walikuwa sawa mbele yake, ilimradi kila mmoja ana nyumba yake. Tembe ni nyumba kubwa ya udongo, haifichiki, na hesabu yake haina ubishi. Ndiyo maana watawala waliipenda kodi ya namna ile: ilikuwa rahisi kuhesabu. Watu nao, katika sehemu nyingi za nchi, wakajibu kwa njia waliyoiweza, yaani kusongamana. Nyumba mbili zikawa moja, vijana waliokuwa na umri wa kujitegemea wakaendelea kulala kwa wazazi. Nadhani huu ndio ukwepaji kodi wa kwanza katika nchi yetu, na gharama yake ilikuwa hewa ya kupumua usiku.

Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa nafaka, kwa mifugo, au kwa kazi. Mwaka 1905, chini ya Gavana von Götzen, serikali ikakaza kamba: kodi ilipwe kwa fedha, na asiye na fedha apelekwe kazini. Mwaka huohuo, mwezi Julai, vita vya Maji Maji vikaanza katika milima ya Matumbi, na kodi ilikuwa mojawapo ya sababu zake pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Singida haikuwa katika Maji Maji, lakini ina ukinzani wake. Wazee wetu husimulia habari za Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900, na ambaye simulizi husema alipigana nao kwa kutumia nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, leo unaitwa kwa jina lake. Kwa sisi wa Mgori, ambao nyuki ni jirani zetu, habari hiyo haituchekeshi hata kidogo.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikikata kusini mwa nchi yetu. Vijana wengi wa nchi za kati walikwenda kwenye reli na kwenye mashamba ya wazungu ili kutafuta rupia za kodi. Shabaha ya Liebert ikawa imetimia.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walibadilisha fedha na kuibakiza hesabu. Sheria yao ya mwaka 1922 iliitwa ya kodi ya nyumba na kichwa. Mwenye nyumba alilipia nyumba, na mwanamume mzima asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Kule kusongamana kukawa hakumsaidii kijana tena. Mwenye wake watatu katika nyumba tatu alilipa mara tatu, awe amevuna au hakuvuna. Kuanzia mwaka 1926, Gavana Donald Cameron alipoweka utaratibu wa tawala za wenyeji, sehemu ya fedha hizo iliingia katika hazina za wenyeji na kuwalipa machifu na makarani mishahara. Nchi kama yetu, ambayo haikuwa na machifu wa namna hiyo, ikatengenezewa.

Kitu kimoja cha wakati ule kilibaki katika akili za watu kwa muda mrefu, nacho ni stakabadhi. Mlipaji alipewa karatasi. Karatasi hiyo aliitunza kuliko nguo yake ya sikukuu, akaiweka katika kibuyu au katika mkebe wa bati, kwa sababu akikutwa njiani bila hiyo alikamatwa. Haikuonyesha anapata kiasi gani wala fedha zake zilifanya nini. Ilionyesha tu kwamba mwaka huu mtu huyu asisumbuliwe. Miaka 100 imepita na bado wako wanaoitazama risiti hivyohivyo, kama hirizi, badala ya kuitazama kama sehemu ya hesabu.

Wakati Mwafrika anahesabiwa kichwa, wengine walikuwa wakiulizwa jambo tofauti. Mwaka 1923 serikali ilileta kodi ya faida kwa wafanyabiashara, pamoja na masharti ya leseni na ya vitabu vya hesabu. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao wengi wao waliandika hesabu zao kwa Kigujarati, walielezwa kwamba lugha hiyo haitakubaliwa. Wakafunga maduka. Mgomo huo, waliouita hartal, uliendelea kwa majuma kadhaa, na kodi yenyewe haikudumu. Wafanyabiashara hao walikuwa na sababu nyingi za kugoma, lakini naiona hii ya lugha kuwa na uzito wake. Ukimwambia mtu aandike hesabu zake kwa lugha asiyoiweza, umemlazimisha kuajiri mtu mwingine amwandikie, na namba imekwisha kutoka mikononi mwake.

Kodi ya mapato hasa, ile inayouliza umepata nini, iliingia Tanganyika mwaka 1940, wakati wa vita. Vita na kodi ya mapato ni ndugu wa siku nyingi. Uingereza yenyewe iliianzisha mwaka 1799, Waziri Mkuu William Pitt alipohitaji fedha za kupigana na Ufaransa. Mwenye mapato yasiyofika pauni 60 kwa mwaka hakutozwa, na aliyevuka pauni 200 alitozwa sehemu moja ya kumi. Mwenyewe ndiye aliyetakiwa kutamka mapato yake kwa maandishi. Waingereza waliichukia. Vita vilipokwisha, mwaka 1816, Bunge lao likaifuta na kuamuru nyaraka zake ziharibiwe, asije mtu siku nyingine akasoma jirani yake alikuwa akipata nini. Ilirudi mwaka 1842 na haijaondoka tena. Na hilo neno letu la ofisini, ritani, asili yake ni Kiingereza: ni karatasi unayopelekewa tupu, ukaijaza, ukairudisha.

Sheria ya 1940 kwa vitendo iliwahusu Wazungu na Waasia. Kwa hiyo katika nchi moja palikuwa na milango miwili. Mzungu aliulizwa, Mwafrika akahesabiwa. Mmoja alitumiwa fomu, akaandika mapato yake, akaonyesha watoto wanaomtegemea, akapunguziwa. Mwingine alisimama foleni chini ya mti akataja jina la baba yake. Nataka ndugu msikilizaji ulishike jambo hili, maana fomu ambayo leo tunaiona kuwa adha, wakati ule ilikuwa heshima ambayo babu zetu hawakupewa.

Walipokuja kuulizwa, waliulizwa vibaya. Ndiyo habari ya mbiru, iliyotokea Upare.

Katika miaka ya vita, machifu wa Upare na wakubwa wa serikali waliamua kwamba juu ya kodi ya kawaida, iliyokuwa sawa kwa kila mtu, iwekwe kodi nyingine ya kupanda na kushuka kulingana na mapato ya mtu. Wakaipa jina la mbiru, ambalo lilikuwa la ushuru wa kale wa Wapare. Kwa nadharia, hakuna jambo la haki kuliko hilo. Mwenye kingi alipe kingi, mwenye kidogo alipe kidogo. Wataalamu wa kodi hadi leo watakwambia hivyo.

Sasa, nani atakadiria? Mkulima wa Upare wakati ule hakuwa na daftari la mauzo. Alikuwa na migomba, kahawa kidogo, ng'ombe wawili watatu, na shamba la mahindi ambalo mwaka huu limezaa na mwaka ujao halijulikani. Basi wakawekwa watu wa kukadiria, wakubwa na wazee wa mahali hapo. Wakapita, wakatazama, wakaandika. Na kila aliyewahi kuishi kijijini anajua kilichofuata. Huyu amekadiriwa juu kwa sababu ya ugomvi wa mpaka na mkadiriaji. Yule amekadiriwa chini kwa sababu ni shemeji. Huyu ana ng'ombe, kumbe ng'ombe ni wa mahari ya kaka yake, amewekewa tu. Hakuna aliyeweza kuonyesha namba yake ilipatikanaje, na hata aliyeiandika hakuweza kueleza.

Mwezi Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya. Hawakwenda na mikuki. Walikaa. Walipochoka hawa, wengine wakaja kupokea zamu, na wa nyumbani wakawaletea chakula. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Na jambo ambalo wakubwa walichelewa kulielewa ni kwamba watu hawa hawakukataa kulipa. Walisema wazi kuwa wako tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja kwa wote. Walichokataa ni kukadiriwa. Mwaka 1946 wanawake nao wakaingia. Wale wa Usangi waliandamana wakitaka waume zao warudi nyumbani na jambo hilo limalizwe. Kufikia mwaka 1947 mbiru ikawa imeondolewa, na mahali pake ikapandishwa ile kodi ya kawaida.

Tazama ajabu yake. Watu walikubali kulipa zaidi kwa kiwango wanachokijua kuliko kulipa kwa haki kwa kiwango wasichokijua. Maskini wa Upare alikubali kulipa sawa na tajiri, ili mradi namba isitoke kichwani mwa mtu. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kuhusu mapambano hayo, kilichotoka mwaka 1971, na kwa maoni yangu kila ofisa wa kodi anayepangiwa kazi wilayani angefaa kukisoma kabla hajafungua meza yake.

Uhuru ulipokuja, kodi ya kichwa haikufa siku hiyo. Ilifutwa mwaka 1969, wakati siasa ya Ujamaa ikiwa imeshika kasi, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa. Kwa muda wa miaka zaidi ya 10 mwanakijiji hakudaiwa kwa sababu tu ana kichwa. Halmashauri ziliporudishwa katikati ya miaka ya 1980 zilihitaji fedha, na kodi ya kichwa ikarudi kwa jina jipya la kodi ya maendeleo.

Sisi tuliokuwa watoto miaka hiyo tunaikumbuka. Mgambo walikuja alfajiri, kabla jogoo hajamaliza kuwika, kwa kuwa saa hiyo baba wa nyumba bado yupo. Wanaume walilala porini. Njiani pakawekwa vizuizi, abiria wa basi wakateremshwa mmoja mmoja waonyeshe stakabadhi, na asiye nayo akaachwa hapohapo hadi jamaa zake walete fedha. Kuku walichukuliwa, baiskeli zikachukuliwa. Hata neno maendeleo lenyewe lilipoteza ladha kwa watu wengi kwa kushikamana na kodi hiyo. Ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2003, na sikumbuki kusikia mtu aliyeililia, ingawa makarani wa halmashauri walibaki na vitabu vya stakabadhi visivyo na kazi.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990 hapa kwetu palifanyika jambo la namna nyingine kabisa. Msitu wa Mgori, wenye ukubwa wa hekta zaidi ya 40,000, ulikuwa katika mpango wa kutangazwa kuwa hifadhi ya serikali. Badala yake, katikati ya muongo huo, kwa msaada wa Sweden, vijiji 5 vinavyopakana nao vilikabidhiwa kuulinda: Pohama, Unyampanda, Mughunga, Ngimu na Nduamughanga. Kila kijiji kikaweka mpaka wa sehemu yake, kikatunga sheria ndogo, kikachagua walinzi, kikaamua nani aingie na nani alipe. Watu walewale waliokuwa wakikimbia stakabadhi ya kodi ya maendeleo ndio waliokaa chini wakaweka hesabu ya msitu wao, kwa kuwa safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwao. Ninautaja mfano huu kwa wale wanaodai kwamba mwanakijiji kwa asili hapendi karatasi.

Sasa tuje kwenye kodi ya mapato ya leo. Tanzania ilitunga sheria yake yenyewe mwaka 1973, baada ya miaka mingi ya idara moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. TRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 ikaanza kazi Julai 1996. Sheria ya Kodi ya Mapato inayotumika ni ya mwaka 2004, pamoja na marekebisho ya karibu kila bajeti.

Ule mlango wa wachache sasa umefunguliwa kwa wote, ila kwa njia tofauti tofauti. Mwalimu au muuguzi, ambaye mapato yake ni mshahara tu, hukatwa na mwajiri wake kabla fedha hazijamfikia, na kwa kawaida hana ritani ya kupeleka. Tangu Julai 2020 mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi. Huyu kazi yake ni kusoma karatasi ya mshahara, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Mwenye biashara ndiye mwenye kalamu. Kwanza awe na namba ya mlipakodi, TIN, ambayo hutolewa bure. Atakayekudai fedha ili akupe namba hiyo, huyo anajitafutia chake. Halafu katika miezi 3 ya mwanzo wa mwaka apeleke makadirio, na kodi yake igawanywe katika mafungu 4: mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba. Anayefunga hesabu kamili hupeleka ritani ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kwisha.

Hapa mtu wa Mgori ana haki ya kunung'unika. Mnunuzi wa alizeti anaambiwa mwezi Machi akadirie atakachopata, na alizeti yenyewe bado imesimama shambani. Anajuaje? Sheria hii ilitungwa na watu wanaofikiria biashara ya kila siku, siyo ya msimu. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu kurekebisha makadirio yake mwaka ukiwa unaendelea. Mvua ikikatika Aprili, mavuno yakiwa nusu, aende aseme. Wengi hawaendi. Huendelea kulipa ya mwanzo kwa taabu, au huacha kulipa kabisa wakajificha, kana kwamba ofisa wa leo ni mgambo wa alfajiri.

Jambo la pili ni daftari. Tuchukue mwenye duka anayeuza bidhaa za shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 ambaye hana kumbukumbu alitozwa shilingi 100,000 bila mjadala. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Piga hesabu: kilichozidi ni milioni 1, na asilimia 3 yake ni shilingi 30,000. Maduka mawili yaliyopakana, mauzo sawa, na mmoja akalipa zaidi ya mara tatu ya mwenzake kwa kukosa daftari la kuandika kila jioni alichouza. Viwango hubadilika katika bajeti za Juni, kwa hiyo kila mwaka ulizia vya mwaka huo, lakini msingi umebaki: asiye na maandishi hukadiriwa.

Je, daftari linatosha? Hapana, na tusidanganyane. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza. Wengi wao walikuwa na TIN, na walizijua mashine za risiti zilizoanza kutumika mwaka 2010. Waliyoyalalamikia zaidi ni kukamatwakamatwa na kukadiriwa. Miaka 100 kamili baada ya mgomo wa maduka wa 1923! Ofisa anayeipuuza hesabu ya mtu aliyeitunza, akaandika ya kwake, anamfundisha mtu huyo na majirani zake wote kwamba kutunza hesabu ni kazi bure, na hasara hiyo serikali itailipa kwa miaka mingi.

Kuna suala la lugha pia. Sheria ya 2004 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndicho kiwe lugha ya sheria, na kazi ya kutafsiri ni kubwa. Hadi itakapomfikia mwenye duka kwa maneno anayoyaelewa, ataendelea kumtegemea kijana wa steshenari amjazie, na kijana huyo akikosea, anayedaiwa ni mwenye duka.

Aliyekadiriwa isivyo haki ana njia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa siku 30 tangu apate makadirio aandike pingamizi kwa Kamishna, aeleze sababu na aambatishe vielelezo. Vielelezo ndivyo vile vile: daftari, risiti za manunuzi, karatasi za mzigo. Sheria hiyo inataka vitunzwe miaka 5, navyo panya wetu hawangojei muda huo, kwa hiyo mkebe wa bati wa babu bado una kazi yake. Lakini pamoja na pingamizi hilo, mlalamikaji hutakiwa kwanza alipe kile asichokibishia au theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa, kulingana na kipi ni kikubwa. Kwa kampuni ya mjini hilo ni jambo la kuandika hundi. Kwa mnunuzi wa asali aliyekadiriwa milioni 3, theluthi ni milioni 1, na milioni 1 hiyo mara nyingi ndiyo mtaji wote wa kununulia asali ya msimu ujao. Hapo Bunge letu bado lina kazi ya kufanya, na waheshimiwa wabunge wanaotoka katika mikoa ya wakulima ndio wanaopaswa kuianza.